Kijiko kikigonga sahani nasikia kupasuka: jibu kwa dada aliyeuliza

Kuna dada kaniandikia ujumbe mrefu, naufupisha hapa ili wote mwende na mimi. Ana miaka 38, ameolewa, ana watoto wawili, kazi yake ni mahesabu kwenye ofisi ya wazi ambayo watu wote mnakaa ukumbi mmoja. Anasema toka utotoni lebo ya nguo ilikuwa inamliza, siku hizi ni taa za ofisini, feni, pafyumu za wenzake, na jioni mtoto akigonga kijiko kwenye sahani anasikia kama kichwa kinapasuka, anafoka, halafu anajifungia chumbani analia kwa aibu. Mume akimshika kwa nyuma anaruka, mpaka mume kaanza kuhisi hapendwi. Ndugu zake wanasema anadeka, na kasoma mahali kwamba hili ni tatizo la watoto wadogo. Swali lake: "Hivi nina ugonjwa gani, na nifanye nini kila siku niishi kama watu wengine?"

Dada yangu, pole kwanza. Mimi ni mtu wa tiba kwa vitendo, yaani nasaidia watu waweze shughuli zao za kila siku, nimekaa na watu wazima wenye shida kama yako miaka mingi, na nikwambie tu hiyo stori ya kijiko nimeisikia kwa namna nyingi sana, mwingine ni mfuko wa plastiki ukikunjwa, mwingine ni mtu anayebonyeza kalamu tik tik tik, ila mwisho wake ni uleule, kufoka halafu aibu.

Hilo la kusema shida hii ya hisi, yaani mwili kupokea sauti, mwanga, harufu na mguso kwa ukali kupita kiasi, ni tatizo la watoto lina chanzo chake. Mtu aliyeanza kulichambua vizuri alikuwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo Marekani, A. Jean Ayres, kitabu chake kikubwa kilitoka 1972 na alikuwa anashughulika na watoto wanaopata shida shuleni, ndo maana mpaka leo vipimo vingi na tafiti nyingi ni za watoto. Sasa hao watoto walienda wapi? Si walikua tu, wakaolewa, wakaajiriwa, wakajifunza kuficha. Kuhusu jina la ugonjwa niwe mkweli kwako, kwenye kile kitabu ambacho madaktari wa akili wa Marekani wanatumia kutambua magonjwa, toleo la tano la 2013, hili halimo kama ugonjwa unaojitegemea. Kilichomo ni kwamba kuhisi vitu kupita kiasi au chini ya kiasi ni moja ya dalili za usonji (autism). Na sisi tunaofanya kazi hii tunaikuta pia kwa watu wenye ADHD (shida ya kutulia na kuweka umakini), wenye wasiwasi uliopitiliza, waliopitia mambo mazito, wenye kipandauso, na wengine ambao hawana chochote kati ya hivyo, mwili wao tu umeumbwa na hisi kali. Kwa hiyo siwezi kukupa jina kwa ujumbe, na mtu akikupa jina kwa ujumbe mkimbie. Ila shida ni ya kweli na unaweza kuishughulikia hata kabla hujapata jina.

Kitu kimoja kitakusaidia kuelewa. Tulifundishwa milango ya fahamu ni mitano, kuona, kusikia, kunusa, kuonja, kugusa, lakini sisi tunahesabu mingine mitatu: ile ya kujua mwili umekaaje na misuli inavuta kiasi gani, ile ya mizani iliyo ndani ya sikio inayokwambia umeinama au unazunguka, na ile ya kusikia mambo ya ndani kama njaa, kiu, haja ndogo, moyo kwenda mbio. Hiyo mitatu ndo imejificha na ndo watu wanaisahau, halafu ndo yenye dawa nyingi, nitarudi hapo.

Sasa twende kwenye kijiko.

Mi naamini kosa kubwa mnalofanya watu wenye shida hii ni kukishtaki kijiko. Unasema "mtoto alinipandisha hasira na kijiko" unaanza kupambana na kijiko, unamfokea mtoto, kesho kijiko kinakuwa mlango. Kijiko ni wa mwisho kwenye foleni. Rudi nyuma mpaka jana usiku uangalie: umelala masaa matano tu, asubuhi hukula, umekaa chini ya taa inayopepesa siku nzima, jirani yako kaongea na simu kwa spika, kiuno cha suruali kimekubana na ukawa unajikaza usikisikie, kwenye gari la kurudi mtu kakuegemea. Kila kimoja hapo ulikimeza kimyakimya. Kumeza ni kazi, ubongo unatumia nguvu kuvizuia, na jioni nguvu imekwisha, halafu ting. Ndo maana kijiko kilekile Jumapili asubuhi umeshalala vizuri wala hukisikii. Kama ingekuwa kijiko kingekuuma siku zote.

Kwa hiyo kazi yako ya wiki ya kwanza ni kuandika, na usiandike kilichokulipua, andika yaliyotangulia. Kidaftari au simu, mistari miwili tu kila ukilipuka au ukikaribia: nililala saa ngapi, nilikula na kunywa maji lini mara ya mwisho, nilikuwa wapi saa tatu zilizopita, na kama ni mwanamke andika pia uko siku ya ngapi ya mzunguko maana wateja wangu wengi wanakuta kuna siku kabla ya hedhi ngozi na masikio yanakuwa makali. Baada ya siku saba au kumi utaona umbo. Mteja wangu mmoja alikuwa anaamini adui yake ni watoto, tulipoangalia daftari kila mlipuko ulikuwa umetanguliwa na siku ambayo hakwenda chooni kutoka asubuhi mpaka jioni kwa ajili ya kazi, yaani mwili ulikuwa unampigia kelele kwa ndani yeye anasikia za nje tu. Tuliweka alamu tatu kwa siku, maji na choo na kula, na robo ya vita ikaisha hapohapo. Inaonekana kitu cha kijinga sana kumwambia mtu mzima, lakini watu wa aina yako mara nyingi masikio ya nje ni makali na ya ndani ni mazito, usisubiri usikie njaa, fuata saa.

Kitu cha pili, na hiki nakipenda kuliko vyote, ni usukani, yaani kujua kwamba wewe ndo unaendesha. Umeshawahi kujitekenya? Haiwezekani. 1998 kule London kina Sarah-Jayne Blakemore walionyesha sababu, ubongo ukishajua mguso unakuja kwa sababu wewe mwenyewe ndo unaufanya, unaupunguza makali kabla haujafika. Na kabla yao, mwishoni mwa miaka ya 60 na mwanzoni mwa 70, David Glass na Jerome Singer Marekani waliwawekea watu kelele kubwa za kushtukiza, kundi moja wakapewa kitufe wakaambiwa ukishindwa kabisa bonyeza kelele zitakatika ila tungependa usibonyeze. Wengi hawakubonyeza. Kelele walizopata ni zilezile, lakini baada ya hapo walipopewa kazi ngumu hawa wenye kitufe walivumilia zaidi na kukosea kidogo kuliko wasio nacho. Kitufe hakikufanya kitu, kujua kipo ndo kulifanya.

Kwa hiyo karibu kila mbinu nitakayokupa hapa chini ni namna ya kukutafutia kitufe. Vizibo vya masikio kwenye pochi hata kama huvivai ni kitufe. Kukaa karibu na mlango ni kitufe. Kuja na usafiri wako kwenye sherehe ili uondoke saa unayotaka ni kitufe kikubwa sana. Na hapo ndo jibu la mume wako: kukushika kwa nyuma ni mguso usio na taarifa, na ukute pia ni ule mwepesi wa kupapasa, kwa mtu kama wewe mguso mwepesi ni mbaya kuliko mzito, mwili unaupokea kama mdudu katembea. Mwambie hivi, na umwambie siku mko sawa, siyo umeshamruka: "Napenda unishike. Njoo kwa mbele nikuone, au sema kitu kwanza, halafu nishike kwa nguvu, mkono mzima, usinipapase." Wanaume wengi wakiambiwa cha kufanya badala ya kuambiwa niache, wanapumua. Wengine wanakuja kuniambia walidhani wanakataliwa miaka kumi kumbe walikuwa wanashika vibaya tu.

Sauti. Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo watu wanapoteza hela.

Hedifoni zinazofuta kelele ni nzuri lakini jua zinafuta nini. Zinasikiliza mvumo wa nje zinatengeneza wimbi la kinyume, na hilo linafanya kazi vizuri kwa sauti nzito isiyobadilika, injini, feni, mashine ya hewa. Sauti kali fupi ya ghafla kama kijiko zinaichelewa, na maneno ya watu yanapenya. Kwa hiyo kwenye gari na kwenye feni ya ofisini utafurahi, kwenye meza ya chakula utasema umeibiwa. Kwa kijiko kinachofaa ni kizibo, kwa sababu vizibo vya sponji vinakata zaidi sauti nyembamba za juu, na vipo pia vya silikoni vyenye kichujio vinavyopunguza kila sauti kwa usawa ili uendelee kumsikia mtoto anavyoongea, hivyo ndo nashauri kwa mzazi.

Vya sponji watu wengi wanavivaa vibaya halafu wanasema havifanyi kazi. Kisokote kati ya vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti, mkono wa upande wa pili upitishe juu ya kichwa uvute sikio kwenda juu na nyuma, tundu linanyooka, kiingize haraka kisha ukishikilie na ncha ya kidole sekunde ishirini au thelathini mpaka kijae. Ukisikia sauti yako mwenyewe imekuwa nzito kama uko ndani ya pipa, kimekaa. Kama kinaning'inia nusu nje umevaa pambo.

Halafu onyo, na hili nalisema kwa msisitizo: usivae siku nzima, na hasa usivae mahali ambapo pametulia. 2003 Craig Formby na wenzake Marekani waliwavalisha watu wenye masikio mazima vizibo karibu muda wote kwa wiki mbili, baada ya hapo sauti zilezile walizokuwa wanazivumilia wakaziona kubwa zaidi. Kundi lingine walivaa kifaa kinachotoa mvumo mdogo mfululizo, wao ikawa kinyume, wakawa wanavumilia zaidi. Ubongo ukikosa sauti unapandisha volyumu yake wenyewe. Kwa hiyo kizibo ni cha saa ya shida, supamaketi, mazoezi ya kwaya, saa ya kuogesha watoto bafuni penye mwangwi, halafu kinatoka. Nyumbani kukiwa kimya sana weka mvumo wa chini, feni au sauti ya mvua kwenye simu, ili ting ya ghafla isikute ukimya mtupu, maana kinachouma siyo ukubwa wa sauti peke yake, ni ule mruko wa ghafla kutoka sifuri.

Na ukiwa na chumba kinacholia, angalia vitu vigumu. Sakafu tupu, kuta tupu, meza ya kioo, sauti inadunda. Mkeka, pazia zito, kitambaa mezani, vipande vya mpira chini ya miguu ya viti, vinakula sauti kuliko unavyodhani.

Mwanga sina mengi. Taa za tyubu za zamani zenye balasti ya sumaku (kile kifaa kinachodhibiti umeme wa taa) zinapepesa mara mia au mia na ishirini kwa sekunde kutegemea umeme wa nchi, jicho halioni lakini baadhi ya watu kichwa kinasikia, na taa za LED za bei nafuu nazo zingine zinapepesa hasa zikipunguzwa mwanga. Ukitaka kujua, iwashie kamera ya simu, zungusha taratibu, ukiona mistari myeusi inapita kwenye skrini umeipata. Omba kuhama kiti kabla hujaomba taa kubadilishwa, kiti ni rahisi. Kofia yenye ukingo inakata mwanga wa juu bila kukufanya uonekane unajificha. Miwani ya jua ndani ya nyumba hapana, hapa ni kama vizibo, jicho linazoea giza halafu mwanga wa kawaida unakuwa adhabu. Kama mwanga unakuletea kipandauso ulizia miwani yenye rangi inayoitwa FL-41, ni ya pinki hivi, hiyo imejaribiwa kwa watu wa kipandauso na unaweza kuivaa ndani.

Harufu ndo mbishi kuliko zote kwa sababu pua haina kope. Kaa upande upepo unakotokea, siyo unakoelekea. Weka harufu moja unayoipenda kwenye kitambaa ukinuse ukizidiwa. Na mwenzako wa ofisini mwambie kwa faragha, "pafyumu inaniumiza kichwa", usiseme inanuka.

Nguo sasa. Lebo ukiikata na mkasi umejitengenezea adui mpya, kile kisiki kinachobaki kwenye mshono ni kikali kuliko lebo yenyewe, kina kona mbili kama kucha. Chukua kiwembe au ile sindano ya kufumulia nyuzi, fumua mshono uzi mmoja mmoja mpaka lebo itoke nzima, kisha pitisha kidole uhakikishe hakuna ule uzi wa plastiki unaofanana na wa kuvulia samaki, ukiupata uvute wote. Soksi vaa nje ndani, mshono wa vidole unakuwa nje, hakuna atakayejua. Nguo mpya fua mara tatu kabla hujaivaa kazini. Ukipata blauzi ambayo mwili umeikubali nunua nne zinazofanana, watu watasema una nguo moja, waache. Mimi mwenyewe sweta ya sufu siwezi, hata ya zawadi, naivaa dakika tano kwa heshima naivua. Na wengi kama wewe wanapata ahueni wakivaa kitu cha kubana kidogo chini ya nguo ya kazi, fulana ya mazoezi kwa mfano, kwa sababu mkandamizo mzima unafunika miguso midogomidogo.

Ambapo ndo narudi kwenye ile milango iliyojificha. Mkandamizo mzito na kazi ya misuli vinatuliza watu wengi wa aina hii. Temple Grandin, profesa wa mambo ya mifugo Marekani ambaye ana usonji, akiwa kijana aliona ng'ombe wanavyotulia wakibanwa kwenye kizuizi cha kuchanjia, akajitengenezea mashine yake ya kujibana, kwa sababu alitaka kukumbatiwa lakini kukumbatiwa na mtu kulimzidi. Ukibana mwenyewe usukani ni wako, unaona inavyorudi palepale.

Wewe huhitaji mashine. Kabla hujaingia nyumbani jioni, kwenye ngazi au kwenye gari, weka viganja viwili vikutane mbele ya kifua usukume kwa nguvu hesabu kumi, achia, rudia mara tano. Au simama usukume ukuta kama unataka kuuhamisha. Beba mfuko mzito kwa mikono badala ya kuuburuta. Panda ngazi. Tafuna kitu kigumu. Hivi ni vya dakika tatu na kazi yake ni kukurudisha mwilini kabla kijiko hakijaanza. Wapo wanaotulia kwa kutikisika, kiti cha kubembea ni kizuri, taratibu, mbele na nyuma. Kuzungukazunguka hapana, kunaamsha. Blanketi zito nalo linasifiwa sana, kuna utafiti wa Sweden wa 2020 wa watu 120 wenye kukosa usingizi pamoja na sonona, wasiwasi, ADHD au ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, waliolala na blanketi zito la minyororo ya chuma walilala vizuri kuliko waliopewa jepesi. Hiyo ni habari ya usingizi, siyo ya vijiko, ila ukilala vizuri vijiko vinapungua. Kama una shida ya kupumua usiku au ya mzunguko wa damu muulize daktari kwanza, na lisiwe zito kiasi kwamba huwezi kulitoa mwenyewe ukiwa usingizini, na mtoto mdogo asilale nalo.

Ukishalipuka je, maana utalipuka tu, hata ufanye yote haya.

Hapo usijifunze chochote, usimwelimishe mtu, usijadili ndoa. Punguza vinavyoingia: ondoka chumbani, zima taa, maji baridi kwenye viganja vya mikono, toa pumzi ndefu kuliko unavyovuta, kaa chini mgongo ukiwa umegusa ukuta. Maneno yanapotea kwa watu wengi wakati huo kwa hiyo mkubaliane mapema na mume wako ishara moja, mkono juu ya kichwa kwa mfano, maana yake "natoka dakika kumi, chukua watoto, usiniulize". Dakika kumi uziheshimu kwa kurudi, la sivyo ishara inapoteza thamani na mwenzio anaona unamkimbia. Ukirudi waambie watoto kwa ufupi, "masikio ya mama yalichoka, siyo kosa lako". Mtoto anaelewa masikio kuchoka, asichoelewa ni mama kukaa kimya siku nzima.

Kazini usianze na ugonjwa, anza na kazi. Bosi hajui cha kufanya na neno gumu lakini anajua cha kufanya na ombi. Jaribu hivi: "Mahesabu ya mwisho wa mwezi nayafanya haraka nikiwa kona ile mbali na feni, naomba nikae pale siku hizo tatu nikujulishe matokeo." Ombi moja, lina mwanzo na mwisho, lina faida kwake. Likikubaliwa ndo unaleta la pili. Mapumziko ya mchana usiyatumie kwenye ukumbi wa chakula wenye mwangwi kwa sababu ya adabu tu, siku mbili kwa wiki kaa na wenzako wasikuone unajitenga, siku tatu toka nje utembee peke yako, kimya, bila simu sikioni. Yale unayoyameza siku nzima ni kama maji yanayojaza ndoo, hapo unaimwaga kidogo kabla ya jioni.

Na usijifungie. Naona watu wakishagundua hili wanaanza kukata, hawaendi harusini, hawaendi ibadani, hawatembelewi, na kila walichokata kikirudi kinauma mara mbili. Nenda, ila kaa kwa muda wa saa moja badala ya masaa manne, kaa pembeni mgongo ukiwa ukutani, toka nje kila nusu saa kabla hujahitaji. Kabla hujahitaji, siyo baada.

Kuna mambo ya kwenda hospitali usisubiri daftari. Kama ukali wa sauti umeanza ghafla siyo wa toka utotoni, hasa sikio moja, au uso umelegea upande mmoja, au umegonga kichwa, au kusikia kumepungua huku kelele zinauma zaidi. Mwanga kuuma pamoja na homa na shingo kukakamaa ni dharura, siyo shida ya hisi. Dawa mpya ikifuatiwa na ngozi au masikio kubadilika, mwambie aliyekuandikia. Na kama ni sauti za midomo tu zinazokutia hasira, watu kutafuna, kumeza, kuvuta kamasi, na kelele nyingine hazikusumbui, hiyo ina njia yake tofauti, tafuta mwanasaikolojia. Kama unakuta pamoja na haya maisha yako yote umekuwa unasoma watu kwa shida, unahitaji ratiba zisibadilike, unachoka sana baada ya kukaa na watu, inafaa kupimwa usonji hata kwa umri huo, wanawake wengi wanaujua wakiwa wakubwa, mara nyingi baada ya mtoto wao kupimwa.

Umeuliza uishi kama watu wengine. Masikio yako hayatageuka kuwa ya mtu mwingine, nisikudanganye. Ninachokiona kwa wateja wangu ni kwamba milipuko inatoka kuwa ya kila jioni inakuwa ya mara moja moja, na inakuwa na sababu wanayoijua, na hao ndugu wanaosema unadeka wengi wananyamaza siku wakiona umetoka nje dakika kumi ukarudi unacheka.

Anza na vitatu tu mwezi huu, daftari, alamu za maji na choo, na mazungumzo na mume. Vizibo vya silikoni ndo vya mzazi, ila jaribu vya sponji kwanza, jozi chache, usikimbilie vitu vya gharama. Na kijiko cha mtoto badilisha leo, kiwe cha mbao au cha plastiki, na chini ya sahani weka kitambaa kizito, hicho hakihitaji utafiti.